Mzee Aliyeniita Baba

Mwezi uliopita vijana wawili wa Kimarekani walinibishia hodi. Mashati meupe, tai nyeusi, vibao vya majina kifuani, baiskeli mbili zimeegemezwa kwenye ua wangu wa michongoma. Kwa Kiswahili kilichosomwa kwa bidii waliomba wanieleze habari za ubatizo. Mke wangu akawaletea chai. Wakakataa kwa upole. Akawauliza kama wangependa kahawa. Wakakataa kwa upole zaidi. Akaniangalia kama kwamba mimi ndiye niliyewaumba. Nikamwambia awape maji.

Niliwasikiliza mpaka mwisho, maana niliwajua. Miaka ya sabini, nikiwa na umri kama wao na shati jeupe moja tu, mimi ndiye niliyekuwa nikikataa vinywaji vya watu katika vilima vya Kibondo. Kufundisha neno si kazi. Hata redio inafundisha. Kazi ni kukataa kibuyu ulicholetewa na mama aliyepiga magoti kukukaribisha, kisha ukabaki umekaa kwenye kigoda chake na kumwambia kwamba Mungu anampenda.

Nilizaliwa Kasulu. Babu yangu alikuwa mtu wa mila, na kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni yeye kujaza kinywa pombe ya ndizi na kunipulizia usoni, siku niliyoanza shule, ili nipate akili. Hivyo ndivyo wazee wa kwetu walivyobariki: hawakumeza, walipuliza. Matokeo ya baraka ile yalichelewa sana. Baba yangu aliokoka muda mfupi baadaye, akavunja mtungi, na tangu hapo nyumbani kwetu tulikunywa uji. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yasiyomfurahisha mtu, kanisa letu, ambalo lilikuwa dogo na halichagui, likaniambia nifanye kazi ya kujitolea Kibondo kama mwinjilisti mwanafunzi. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na imani, na kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya. Hadi leo sijaweza kutenganisha hizo sababu mbili.

Tulitumwa wawili wawili. Mwenzangu alinizidi miaka kadhaa. Alikuwa amevuka mpaka kutoka Burundi wakati wa mauaji, akapitia Nyabibuye na nguo alizovaa, bila wazazi. Kirundi chake na Kiha chetu vilielewana bila taabu, kwa hiyo wenyeji walimpokea kama ndugu aliyekuwa safarini. Alikuwa mkali. Aliijua Biblia kuliko mimi, hakucheka ovyo, na nilipochekacheka na watu alikohoa. Nilimwogopa kidogo, na nilimpenda.

Wakati ule watu walikuwa bado hawajahamishiwa vijijini. Kila nyumba ilikaa peke yake kilimani, imezungukwa na migomba na mibuni, na njia za kwenda huko zilijulikana na ng'ombe zaidi kuliko watu. Tulipofika tuliamkia, na kuamkiana kwa Waha si jambo la kuharakisha. Unaulizwa usiku ulivyokuwa, watoto, mifugo, mvua ya huko utokako, halafu unaanza wewe kuuliza. Nilikuja na somo langu na picha zangu za rangi zilizokunjwa kwenye mfuko, na mpaka nipate nafasi ya kuzikunjua, wanawake walikuwa wamemaliza kupukuchua maharage. Walisikiliza. Hakuna aliyetukatalia. Walitushukuru, wakatusindikiza hadi mwisho wa shamba, kisha wakarudi kuendelea na maisha yao kama kawaida. Mwaka mzima ulielekea kuisha hivyo.

Isipokuwa mzee mmoja. Aliishi kwenye kilima kilichotazama barabara ya Kakonko. Ujanani alikwenda Tanga kukata mkonge kama vijana wengi wa kwetu, pamoja na mdogo wake. Mdogo wake hakurudi, na hapakuwa na habari zake. Yeye alirudi na koti zito, Kiswahili kizuri kuliko changu, na tabia ya kuuliza maswali.

"Mwalimu," aliniambia siku ya somo la kuzaliwa mara ya pili, "huko kuzaliwa ni maneno tu, au ni kuzaliwa?"

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo. Nikamjibu kwa sauti ya kutosha majirani wasikie kwamba si maneno. Ni mtu mpya kabisa, nilisema, wa zamani amekufa, huyu ni mtoto mchanga wa leo. Nilikipenda sana kile kipande cha mtoto mchanga, nikakirudia. Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka kitu ndani ya sanduku.

Baadaye, alipokuwa akitusindikiza, alitueleza kwa nini anataka kubatizwa. Maisha yake yote ameogopa, alisema. Aliogopa mizimu ya marehemu, aliogopa jicho la jirani, Tanga aliogopa mnyapara. Anataka mahali pa kutua mzigo. Mimi nikasema amina. Mwenzangu alimshika mkono, wakatembea hivyo mpaka barabarani.

Pombe aliiacha mwenyewe kabla hatujamwambia. Kanisa letu lilikuwa na amri nyingi ndogo na moja kubwa, na kubwa ndiyo hiyo. Aliyebatizwa akanywa, alitengwa mbele ya watu wote, akakaa benchi la nyuma na wanaosubiri ubatizo. Mzee alisema hataweza kukaa benchi la nyuma. Alikuwa amekaa huko tangu azaliwe.

Mchungaji alifika kutoka Kasulu wakati wa kiangazi, na kanisa letu halinyunyizi bali huzamisha. Kijito kilikuwa cha kufikia vifundo vya miguu. Mwenzangu nami tuliziba maji kwa magogo ya migomba na tope, tukapata kidimbwi cha kumtosha mtu mzima, na wanawake wa bondeni wakapanda kutuuliza ni nani aliyekula mto wao. Mzee alizama na koti lake, maana alikataa kulivua mbele ya watu, akatoka mzito kama ng'ombe wa mvua, akitetemeka na kucheka. Tulibomoa ukuta, maji yakawarudia wenyewe. Alikuwa mtu wangu wa kwanza. Usiku ule niliandika barua tatu kuwaambia watu.

Jumapili iliyofuata alinikuta mlangoni pa kanisa, akavua kofia, akainama.

"Shikamoo, baba."

Nilitazama nyuma kuona nani amekuja. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikamwambia, mzee, usifanye hivyo, mimi ni mtoto wako. Akasema hapana, nilifundisha mwenyewe: yeye ni mtoto mchanga. Na mtoto ana baba. Nikamkumbusha kwamba aliyembatiza ni mchungaji.

"Mchungaji ni mkunga tu," alisema. "Alinitoa majini. Lakini aliyeileta mbegu kilimani ni wewe."

Mwenzangu alikohoa, ila safari hii ilikuwa kuficha kicheko. Nami, nikisema ukweli, baada ya wiki moja nilianza kuizoea ile shikamoo. Ni kitu kitamu kuamkiwa na mvi.

Ndipo ulipokuja uchumba. Mzee alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki nyumbani, msichana mrefu, mchapakazi, ambaye hakuwahi kuniangalia mara mbili. Kijana wa kilima cha pili, aliyempenda, alikuwa ametuma mshenga, na watu wake walishaloweka mtama na kuivisha ndizi. Siku ya kuleta pombe ilikuwa inajulikana. Na utaratibu wake kwetu ni huu: mshenga huonja kwanza kuonyesha hakuna sumu, kisha humpa baba wa binti mrija. Akivuta, amekubali. Asipovuta, amekataa, na hakuna maneno matamu yatakayobadilisha hilo. Pombe hubebwa ikarudi, na binti hubaki na jina la binti aliyerudishiwa mtungi.

Angevuta, angetengwa. Asingevuta, angemwangamiza mwanawe. Watu wengine huwa na kaka au mdogo wa kusimama mahali pao. Wake alikuwa amepotelea mkongeni.

Nilishuka mjini Kibondo kununua viraka vya baiskeli, nikamweleza habari ile mwenye duka, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani na ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameoa Muha. Alikuwa na mazoea ya kuniita Ustadhi wa ng'ambo ya pili. Nilimuuliza wao walifanyaje siku kama hiyo, maana nao hawanywi. Akacheka mpaka akaweka gundi chini.

"Ustadhi, kila ukoo wenye dini huacha mmoja bila dini kwa ajili ya shughuli kama hizi. Sisi tuna mjomba. Tunamtunza sana. Hatumwombei aongoke."

Nilimpelekea mwenzangu jibu hilo kama mzaha. Hakucheka. Alisema mzee hana mjomba, na sisi ndio tuliomweka njia panda. Tukaomba. Sikumbuki kama nilikuwa nikiomba mzee asinywe au nikiomba mtu wangu wa kwanza asinipotee, na nadhani Mungu naye alikuwa akijiuliza.

Siku yenyewe tulikwenda, kwa sababu mzee alituita. Ua ulikuwa umefagiliwa, mtungi katikati, wakwe upande huu, majirani upande ule, wanawake ndani na mlango wazi kiasi cha kusikia. Mshenga alikuwa mtu mnene wa maneno, mmoja wa wale wanaoalikwa hata kwenye misiba kwa sababu ya utani wao. Alisifu njia, akasifu migomba, akaulaumu mlima kwa kuwa mrefu. Akaonja. Akaufuta mrija kwa kiganja, akamnyooshea mzee.

Mzee hakuupokea. Alisimama na fimbo yake.

"Shemeji yangu," alisema, "mimi nimezaliwa juzi, pale kijitoni, watu hawa waliona. Mtoto mchanga hapewi pombe, wala haozeshi. Mrija mpe baba yangu." Akaninyooshea fimbo.

Ua mzima ukalipuka kwa vicheko. Nilihisi masikio yangu yakiwaka. Mshenga alinizunguka, akanitazama viatu, tai, na ndevu zangu chache nilizokuwa nikizilea.

"Huyu ndiye baba yako."

"Ndiye."

"Basi ni babu wa binti." Akawageukia wenzake kwa huzuni kubwa. "Jamani, tumepotea. Tumekuja kumposa mke wa mtu."

Maana kwetu babu humwita mjukuu wake mke wangu, na mjukuu humwita mume wangu, na utani huo hauna mwisho. Wanawake ndani walipiga vigelegele. Mshenga akanisogezea mrija, akaniomba radhi kwa niaba ya kijana wao, akanisihi niwaachie mke wangu kwa kuwa nami umri umekwenda.

Nikasema sinywi. Akauliza, baba yangu je. Nikasema aliacha. Na aliyemfundisha baba? Huyo alikuwa mzungu, nikasema, naye hakunywa, na alisharudi kwao.

"Ukoo mzima hauna mdomo," alisema mshenga, na safari hii hakucheka. Alikaa chini. Akaeleza polepole, si kwangu bali kwa mzee, kwamba wao hawakuja kugombana na kanisa. Lakini pombe iliyoletwa haina njia ya kurudi. Ikirudi, maneno yamekwisha, na yeye hatakuwa na la kusema huko alikotumwa.

Kijana mwenyewe alitazama miguu yake. Pale mlangoni vigelegele vilikuwa vimekwisha, na niliona ncha ya kanga ya binti haisogei. Mkono wa mzee ulitetemeka juu ya fimbo, na macho yake yakatazama mrija, kisha mtungi, kisha mrija. Nilijua amekwisha kuchagua. Angeunyoosha mkono ule, angevuta, na Jumapili angekwenda mwenyewe kukaa benchi la nyuma bila kuambiwa.

Ningependa kusema kwamba lilinijia andiko. Kilichonijia ni harufu ya babu yangu.

"Babu hapewi mrija," nikasema. "Babu hupewa kibuyu. Babu hanywi, hubariki."

Mshenga aliinua kichwa. Aliwaendea wazee wa upande wake, wakanong'ona kwa muda, mmoja akipinga kwa vidole. Kisha akarudi, akasema kwamba ni kweli, baraka iko juu ya mrija, na aliyebariki hawezi kesho kusema kwamba hakukubali. Wakachota. Binti akatolewa, akapiga magoti mbele yangu pamoja na kijana wake. Sikuthubutu kumtazama mwenzangu.

Nilijaza kinywa. Ilikuwa na uchachu, moshi, na ndani kabisa utamu wa ndizi iliyofukiwa ardhini, na kwa kitambo hicho kifupi nilikuwa mtoto Kasulu, nimesimama mbele ya mlango na kaptula mpya. Kisha nikapuliza. Sikuwa na ufundi. Babu yangu alitoa ukungu. Mimi niliwamwagia maharusi kama mtu anayezima moto. Binti alijifuta macho, akaniangalia mara ya pili kwa mara ya kwanza, akacheka. Mrija ukaanza kuzunguka kwa walio huru kunywa. Mzee aliketi chini, akavuta pumzi ndefu, akaomba apewe umutobe, maji matamu ya ndizi ambayo bado hayajachacha, kama mtoto.

Tulitembea kurudi na mwenzangu jua likiwa bado juu. Tukavuka kijito.

"Ulimeza?" aliuliza.

"Iliyobaki kwenye meno tu."

Alitembea kidogo. "Baba yangu angenipulizia hivyo nitakapooa," alisema. "Hatukupata nafasi." Akachuma jani, akalichanachana. "Lakini yeye hakuwa akimwaga namna ile."

Habari zilitangulia kufika Kasulu. Mchungaji alikuja, wazee wa kanisa wakakaa, wakajadili midomo yangu kwa asubuhi nzima. Mmoja alishikilia kwamba kugusa ni kunywa. Mwingine akauliza je, dawa ya kusukutua? Mwenzangu, ambaye nilidhani atanimaliza, alisimama akasema alikuwa amekaa karibu yangu na sikunywa, akakaa. Kisha mzee akaomba kusema. Alisema hajui sheria, yeye bado mchanga. Lakini alifundishwa kwamba mmoja anaweza kuubeba mzigo wa mwingine ili huyo mwingine apone, na kama si kweli waseme sasa, kabla hajazeeka tena.

Mchungaji alitazama viatu vyake. Halafu akafunga kikao kwa sala, tena ndefu.

Mzee hakutengwa. Mimi nilihamishiwa duka la vitabu la kanisa Kasulu, mahali pasipo na harusi. Kati ya nyimbo za kuabudu na vitabu vya hesabu ambavyo havikununuliwa nilisoma kwa ajili ya mitihani ya kidato cha sita, na huko ndiko ilikoanzia njia iliyonifikisha chuo kikuu. Chuoni nilijifunza kwamba niliyoyaona yalikuwa na jina la kitaalamu. Niliandika insha juu yake, nikapata alama nzuri, na sikuweka ndani yake jinsi mkono wa mzee ulivyotetemeka, kwa kuwa haukuwa na rejeo.

Mwaka uliofuata kilima kile kilihamwa. Watu walipelekwa barabarani, kwenye nyumba zilizopangwa mistari, migomba ikabaki kuwalisha nyani. Mwenzangu alipata shamba upande wa Kagerankanda, akaoa, akawa mchungaji mwenyewe, mkali hadi leo. Mzee alilisimamia kanisa la kijiji kipya hadi mwisho wake. Alinitumia salamu kila mwaka kwa yeyote aliyekuja Dar es Salaam, na salamu ilikuwa moja: mwambieni baba sijaanguka.

Watu huniuliza kama bado naamini. Hilo ndilo hata wale vijana wa baiskeli waliloniuliza mwishoni, kwa uso wa huruma. Niliwaambia kuna mtu mmoja aliyenisadiki kuliko nilivyojisadiki, na tangu hapo nimekuwa nikijaribu kumfikia. Waliandika kitu kwenye shajara. Sidhani kama kiliwasaidia.

Lakini sikuwaambia habari za Juni iliyopita. Yule binti, ambaye sasa ni mama mzito mwenye mashamba na sauti ya kuongoza kwaya, aliniita Kibondo. Anaozesha binti yake. Mzee hayupo, alisema, na babu wa ukoo ni mimi. Nikapanda gari moshi hadi Kigoma, kisha basi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alipiga magoti, akaniita mume wangu, wajukuu wote wakacheka.

Nisisitize kwamba safari hii nilikuwa nimejiandaa. Mbele ya pombe mimi si mwanafunzi tena. Nimefanya mazoezi kwa miaka mingi, katika baa za Dar es Salaam, pamoja na wasomi wenzangu. Nilijua nitatoa ukungu.

Maharusi wakapiga magoti. Kibuyu kikaletwa, nikajaza kinywa, nikasimama pale na mashavu yamefura.

Umutobe. Mtamu, baridi, bila chembe ya uchachu. Nilizungusha macho uwanjani: wakwe, washenga, majirani, wote wameokoka, mpaka wa mwisho. Hakuna hata mjomba mmoja waliyemwacha.

Mama wa bi arusi alikuwa ananitazama kwa macho ya baba yake. Nikapuliza.